Kangaga Juu ya Kaburi la Francis

Midia, Koboko
4 Februari 2024

Nora wa Prossy,

Salamu. Huku tu wazima, isipokuwa mguu wangu wa kulia ambao umekataa kuwa mguu. Mvua bado. Mihogo ya bondeni imeoza, ya mlimani imepona. Mbuzi mweusi amezaa mapacha akamkataa mmoja, sasa mimi ndiye mama yake kwa chupa. Habari nyingine atakupa Sunday, maana anapoleta mihogo yangu Arua kwa lori huleta pia maneno ya kila mtu.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kilugbara chako sikijui na Kikakwa chetu hukijui. Mimi Kiswahili nilikipata kambini, marehemu mume wangu alipokuwa askari, kwa hiyo kinajua kutukana. Simu sitaki. Nikipiga simu hapa nyumba nzima huacha kula ili isikilize.

Sasa jambo. Jumapili nilikwenda kufagia kaburi la ndugu yangu Francis, nikakuta mtu amepanda makangaga kichwani na miguuni. Nikamuuliza Sunday. Akacheka kama mpumbavu. "Nora alinituma, mama. Anasema iko zawadi ya baba yake."

Baba yake!

Unajua watu wa hapa wanamwitaje Francis? Mtu aliyekufa bila mbegu. Alioa mara mbili, na wanawake wote wawili waliondoka mikono mitupu. Nawe ukatazama mimea yote aliyoumba Mungu, ukachagua huu usio na ua, usio na tunda, usio na mbegu hata moja, ukamwekea juu ya kichwa. Jirani yangu Mama Afedra alipita njiani akasema, "Agnes, naona sasa kaburi imeandikwa jina lake." Nimeyang'oa yote.

Tarehe 15 Juni tunalijengea kaburi saruji, na padri atakuja kuliombea. Kwa desturi, siku hiyo majina ya watoto wa marehemu husomwa mbele ya ukoo. Lako halitasomwa. Nakuambia mapema ili usishone nguo.

Agnes Keji


Manibe, Arua
19 Februari 2024

Shangazi Agnes,

Nakusalimu kwa heshima na kukupa pole ya mguu. Mama aliye Logiri anakusalimu. Sisi hapa Manibe hatujambo. Mwanangu Ondoga alikohoa wiki nzima, sasa amepona na amerudi kuvunja vitu. Bwana Acidri, mwenye kitalu ninachofanyia kazi, amepata hoteli inayotaka mimea ya kivulini, kwa hiyo kazi ni nyingi. Barua yako nilipata mapema. Nimechelewa kujibu kwa sababu mara mbili niliandika na mara mbili nikachana.

Sikukusudia kumtukana baba. Kazi yangu hapa ni kuotesha makangaga, na ninayokuambia nimeyaona kwa macho yangu.

Kangaga linazaa, shangazi. Halizai kwa ua wala kwa mbegu, ndiyo maana watu hawalioni likizaa. Geuza jani lililokomaa, utaona chini yake vidoa vya kahawia vimepangwa safu mbili, kila kimoja kidogo kuliko punje ya wimbi. Ndani ya vidoa hivyo kuna vumbi liitwalo spora. Mimi hukata jani, nalilaza juu ya karatasi nyeupe, nalikinga na upepo, na asubuhi nakuta vumbi limechora umbo la jani zima. Vumbi hilo nalinyunyiza juu ya udongo niliokwisha kuumwagia maji ya moto, nafunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, nangoja. Wiki nyingi hakuna kitu. Halafu udongo unakuwa kijani kama ukuta wa kisima. Jani moja linaweza kulijaza shamba lako lote la mihogo.

Niliyapanda pale kwa sababu watu wanasema baba hakuzaa, na makangaga nayo wanasema hayazai, na wote wamesingiziwa.

Baba alikuja shuleni kwetu Logiri siku ya wazazi, nikiwa darasa la sita. Alileta mkate na soda. Alimwambia mwalimu, "Huyu ni wangu." Nilisikia. Sitaki kitu cha nyumba yenu. Nataka jina langu lisomwe siku ile kama la mtoto wake. Basi.

Nora


Midia
10 Machi 2024

Nora wa Prossy,

Usiniletee salamu za Prossy. Mkate uliula peke yako, salamu zake azile peke yake.

Sisi wazima. Mbuzi wa chupa amenenepa na ananifuata mpaka chooni.

Nilikuambia nimeyang'oa makangaga yote. Moja nililibakiza kwenye mtungi uliovunjika, karibu na mahali pa kunawia, kwa sababu lilikuwa na majani mazuri, na mimi si mnyama. Nilipopata barua yako nikaligeuza jani. Vidoa! Lakini, mwanamke wewe, kabla ya barua yako kufika nilikuwa nimekwisha kuyaona majani mengine yakiwa na vidoa hivyo, nikadhani ni upele. Nikayasugua moja moja kwa gunzi na sabuni ya kufulia mpaka yakang'aa. Sasa unaniambia nimeua watoto. Watoto wa sabuni moja tu! Uzazi gani huo, ambao mwanamke mmoja mwenye gunzi anaumaliza kabla ya chai?

Na hebu tuseme kweli. Vumbi linakwenda na upepo, sawa. Upepo wa Midia unaweza kufika hata Logiri. Lakini mtoto lazima aje na alama. Sisi wa nyumba hii kidole kidogo cha mguu hupanda mgongoni mwa jirani yake. Baba yangu alikuwa nacho, mimi ninacho, Francis alikuwa nacho mpaka tukamfunika. Ulipokuja mazishini ulivaa ndala. Nilitazama. Vidole vyako vimesimama mstari kama askari wanaongoja mshahara. Uso wako ni Prossy, kucha zako ni Prossy, hata unavyolia ni Prossy, unafungua mdomo kabla ya machozi. Ndugu yangu yuko wapi hapo?

Mtu hufanana na kwao. Hata papai linajua.

Agnes Keji


Manibe
24 Machi 2024

Shangazi Agnes,

Nakusalimu. Mvua imeanza huku. Ondoga ana miaka mitatu na miezi minne sasa, na anajua kuhesabu mpaka sita, baada ya hapo anasema "wengi".

Umeuliza baba yuko wapi kwangu. Nitakujibu kwa makangaga tena, kwa sababu ndiyo ninayoyajua, na kwa sababu umegusa pale pale.

Spora ya kangaga haioti kangaga. Inaota kitu kingine kabisa: kajani kembamba kenye umbo la moyo, kadogo kuliko ukucha, kamelala kifudifudi juu ya udongo. Hakana shina, hakana mizizi ya kweli, hakana jani lililokunjwa kama ngumi. Wafanyakazi wapya huja hapa wakadhani ni uchafu, wakakakwangua. Ukikaweka kando ya kangaga lililokazaa, hutapata alama hata moja. Lakini ni mtoto wake halali.

Chini ya kajani hako ndiko kuna upande wa kiume na upande wa kike. Maji yakikalowesha, mbegu za kiume hutoka zikaogelea ndani ya tone mpaka zikalifikia yai. Pasipo maji hakuna kinachotokea, hata kwa mwaka. Yai likishashika, juu ya kajani hako hako linainuka kangaga lenyewe, lenye majani yale yale na safu mbili zile zile za vidoa. Sura iliyopotea kwa mtoto inarudi kwa mjukuu. Baada ya hapo kajani huoza, kazi yake imekwisha.

Mimi sina kidole hicho, shangazi. Ondoga anacho. Miguu yote miwili.

Sikukuambia mapema kwa sababu sikutaka mwanangu aingie kwenu kabla yangu. Lakini Pasaka nina siku mbili. Nitamleta umwone, halafu uniambie kama upepo ndio ulioleta.

Nora


Midia
21 Aprili 2024

Nora,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watu wote wa hapa. Mguu wangu umepata nafuu, nadhani ni kwa sababu ya kumkimbiza Kenyi. Ndiyo, mimi namwita Kenyi, jina la ndugu yangu. Ondoga ni jina la kwenu, alitumie akiwa kwenu.

Barua yako niliwasomea wanawake. Nilipofika mahali pa mbegu za kiume kuogelea, Mama Afedra alikaa chini akashika tumbo. "Kumbe huko Arua wanaume iko kwa maji!" Sasa mumewe akienda kuoga mtoni anamwambia aangalie.

Siku ile ya Pasaka nilimtia miguu kwenye beseni mbele ya wazee. Uliona. Waliinama mmoja mmoja wakatazama kile kidole kimepanda juu ya mwenzake kama kuku juu ya kiota, na yule mzee aliyekuwa akimcheka Francis zaidi ya wote akaondoka bila kumaliza pombe yake. Miaka mitatu nimeingoja siku ya kumwona mzee yule akiondoka.

Ulimwacha kwangu wiki mbili kwa hiari yako, asante. Sasa zimekwisha na najua unamtaka. Lakini mvua ni kubwa, na hapo kitaluni kwenu kila kitu ni maji. Atakohoa tena. Anakunywa maziwa, analala, anampa mbuzi wa chupa maneno marefu asiyoyaelewa mtu. Mwache kidogo.

Baba yake ni nani? Sunday hajui, na Sunday anajua kila kitu.

Agnes Keji


Manibe
12 Mei 2024

Shangazi Agnes,

Nakusalimu na kukushukuru kwa kumtunza Ondoga. Mama hajambo. Bwana Acidri hajambo. Hoteli imechukua mimea yake.

Mara mbili nimemtuma Sunday, na mara mbili amerudi na mihogo tu. Jumapili iliyopita nilikuja mwenyewe. Mlango ulifungwa kwa kufuli. Mama Afedra aliniambia umekwenda naye kwa jamaa wa ng'ambo ya mpaka, na hajui siku ya kurudi. Aliposema hivyo hakunitazama usoni. Nilikaa kwenye jiwe lililo mbele ya nyumba yako mpaka jua likawa upande mwingine, kisha nikarudi Arua.

Nilikwenda pia kwa wazee wawili wa ukoo. Wa kwanza alisema, "Mtoto iko kwao, unalia nini?" Wa pili alisema nimngoje wa kwanza.

Sitaki kufikiri vibaya. Umekuwa mwema kwake, na anastahili kumjua bibi. Ninaomba mambo mawili tu. Mtoto arudi. Na tarehe 15, jina lake likisomwa, lisomwe pamoja na langu, la mama yake, mtoto wa Francis. Hawezi kufika kwa Francis bila kupitia kwangu.

Baba yake hahusiki na barua hizi.

Jina lake ni Ondoga.

Nora


Midia
20 Juni 2024

Nora wa Prossy,

Sherehe imepita vizuri, Mungu ashukuriwe. Ng'ombe mmoja, mbuzi wanne, na mvua iliheshimu watu. Padri alihubiri kwa ufupi.

Nilikuona. Uliposhuka kwenye gari na gauni lako la buluu, mimi ndiye niliyewaambia wanawake wakupeleke nyuma ya jiko kumenya mihogo. Mikono ilikuwa haitoshi. Kwa hiyo najua ulisikia kwa kipaza sauti, lakini huenda hukuona kaburi, maana watu walikuwa wengi na vijana waliambiwa wakuzuie kwa adabu. Nitakuambia lilivyo. Saruji ni laini kama sahani. Fundi aliandika kwa msumari kabla haijakauka: FRANCIS KENYI. AMEACHA MWANA MMOJA, KENYI.

Mwana, nimesema, si mjukuu. Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na moja, Francis alifariki Januari iliyofuata, hesabu inakubali. Hakuna aliyeuliza mama ni nani. Mwanamume akiacha mwana, watu hutazama mwana.

Usinilaumu. Umenifundisha mwenyewe, na nilikusoma kwa makini kuliko ulivyofikiri. Kajani kembamba, hakafanani na mtu, kamelala kifudifudi. Kangaga likishainuka juu yake, kanaoza, kazi yake imekwisha. Uliandika wewe. Mimi sikubadilisha hata neno moja. Basi kaoze, na kaoze huko Manibe.

Ndugu yangu si mtu asiye na mbegu tena. Hakuna mtu atakayesema hivyo Midia nikiwa hai. Kwa ajili hiyo ningekupitia wewe mara kumi.

Mtoto aliuliza juu yako siku mbili. Sasa anauliza juu ya mbuzi.

Agnes Keji


Manibe
1 Julai 2024

Shangazi Agnes,

Nakusalimu. Nimeipata barua yako. Sisi huku ni wazima.

Nimekaa nayo siku nyingi kwa sababu nina neno ambalo nilitaka kufa nalo. Sasa umemwandika mtoto kwenye kaburi mbele ya padri, na mimi naogopa Mungu, hata kama wewe sikuogopi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Mtoto uliye naye sikumzaa mimi. Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Arua, na chumba cha pili kilikuwa na msichana mwenye mtoto mchanga. Hakuniambia kwao ni wapi, na baba wa mtoto sikuwahi kumwona. Asubuhi moja aliniomba nimshikie mtoto aende sokoni kununua mkaa. Hakurudi. Nikamlea. Nikampa jina la Ondoga. Kile kidole, mama yake naye alikuwa nacho. Vidole vilivyopandana si vya nyumba moja tu hapa duniani. Uliponiandikia habari ya alama ya nyumba yenu, nilikwenda nikamtazama mtoto akiwa amelala, na shetani akaniambia: hapo ndipo mlango. Nilitaka jina langu lisomwe. Nilikuwa tayari kuingia kwa mguu wa mtoto wa watu.

Wala mimi si mtoto wa Francis. Mama aliniambia alimchagua kwa sababu alikuwa mpole na asingekataa.

Kwa hiyo ndugu yako hakuacha mtu, kama walivyosema. Na pale kwenye saruji umeandika mtoto wa mtu usiyemjua. Siku msichana yule akitokea kumdai mwanawe, atamkuta kwa jina juu ya kaburi la wazee wako. Wewe ndiye utakayewaeleza.

Nora


Midia
9 Julai 2024

Nora,

Nilijua. Tangu siku ya ndala zako nilijua. Prossy alizaa uongo, akaunyonyesha, akaupeleka shule mpaka kidato cha nne.

Nimewaita wazee, nikasimama mbele yao nikasema: nilidanganywa, huyu siye. Yule mzee amerudi kumalizia pombe yake. Nimechukua patasi na nyundo mwenyewe, sikumpa fundi. Saruji ilikuwa imeshika. Jina la mtoto limetoka, lakini limetoka na kipande kikubwa, na sasa ndugu yangu ana shimo kifuani. Nitalijaza mkono ukipoa.

Mtoto yuko kwenye lori la Sunday pamoja na barua hii, na nguo alizokuja nazo. Alilia akashika nguzo ya nyumba. Nikambandua kidole kimoja kimoja. Sikutaka kuizoea sauti yake zaidi ya nilivyoizoea.

Usiandike tena.

Agnes Keji


Manibe
28 Julai 2024

Shangazi,

Nakusalimu kwa heshima ile ile. Mama hajambo. Mtoto alifika salama, amechafuka kwa udongo wa mihogo, akalala siku nzima.

Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka kwanza kusikia kutoka kwa Sunday kwamba shimo limezibwa, na kwamba watu wote wa ukoo wamekwisha kujua. Jana amenithibitishia. Anasema kile kiraka kinaonekana tangu barabarani, saruji mpya haikufanana na ya zamani.

Basi sikiliza. Ondoga nilimzaa mimi, mchana, mama yangu akiwa amenishika mabega. Hakuna msichana aliyekwenda kununua mkaa. Hakukuwa na chumba cha pili. Mimi ni mtoto wa Francis Kenyi, alinitaja kwa mdomo wake mbele ya mwalimu, na mtoto uliyembandua kwenye nguzo ni damu ya ndugu yako, ya pekee iliyobaki chini ya jua. Baada yake hakuna mwingine. Nyumba yenu ilikuwa imeinuka tena, nawe umeing'oa kwa mkono wako.

Nilijua utaniamini. Kila nilipokuambia ukweli ulidai ushahidi, ukachungulia mpaka vidole vya miguu yangu. Nilipokuambia uongo hukuuliza hata jina la msichana. Uliuamini siku ile ile kwa sababu ulikuwa unanidharau kiasi hicho. Nami niliupima kwa kipimo cha dharau yako, haukupungua wala kuzidi.

Kuniita mtoto wa baba yangu kulikuwa kitu nilichokitaka kuliko vyote. Nimekiuza kumrudisha mwanangu, na sikirudii. Nawe usije ukawaambia wazee kwamba sasa ndiye. Hakuna atakayekusikiliza.

Nora


Midia
1 Septemba 2024

Nora,

Mvua imenyesha vizuri. Karanga zimekubali. Yule mbuzi wa chupa alikula kamba ya nailoni akafa.

Barua yako niliisoma mwenyewe, sikuwasomea wanawake. Sikumwambia mtu. Ningewaambia nini? Juni nilisimama nikasema ndiye, Julai nikasimama nikasema siye. Mtu hasimami mara tatu.

Jumanne nilipanda gari la asubuhi nikaja Manibe. Unajua, maana ulikuwepo. Ninaandika kwa sababu ulifanya kana kwamba mimi sikuwepo.

Nilisimama penye makopo ya miche. Ulikuwa na mteja, mwanamke wa ofisi mwenye viatu virefu. Ulinitazama usoni, ukasema, "Karibu mama, unatafuta mmea gani?"

Nikasema, "Nora."

Ukasema, "Tuko na mawaridi. Tuko na makangaga. Bei tunaongea."

Yule mwanamke akacheka, akadhani ni biashara. Mimi nimetukana askari wazima kambini wakanikimbia, lakini pale nilitazama tu mikono yangu. Nilikuwa nimebeba maandazi. Sikujua niyaweke wapi.

Ndipo akatoka nyuma ya kibanda, na kopo la maji limemzidi kimo. Akanitambua. Akaliangusha kopo likamwaga maji miguuni kwake, akanijia mbio akanishika sketi kwa mikono miwili. "Bibi! Mbuzi iko wapi?"

Nikasema mbuzi yuko.

Ulikuja ukamshika bega. Sikuona hasira, ulimshika polepole, kama mtu anayenyoosha mche uliolala. Ukamwambia, "Hapana, Ondoga. Huyu si bibi. Huyu mutu anapita tu."

Alinitazama. Akakutazama wewe. Nilingoja abishe, maana kwangu alikuwa mbishi, alibishana hata na kuku. Lakini mtoto humwamini anayemlisha. Akaachia sketi mkono mmoja, kisha wa pili. Akasema, "Mutu anapita." Akasema vizuri, kwa adabu, kama unavyomfundisha kusalimia wageni.

Maandazi niliyaacha juu ya meza ya makopo. Basi nikapita.

Agnes Keji